Kulala mlimani: maswali yenu

Maswali ya wiki hii yametoka kwa watu wa Lamu na Malindi wanaojiandaa kupanda Mlima Kenya mwezi wa Agosti kwa njia ya Sirimon, wakilala kwenye vibanda vya Old Moses na Shipton's.

Nina blanketi zito la sufi. Litanitosha? (Bi wa Langoni)

Halitoshi, Bi. Kibanda kinakukinga na upepo na mvua, basi. Shipton's iko mita 4,200 hivi, na usiku maji huganda. Kodisha Nanyuki mfuko wa kulalia wa baridi kali. Jioni tia maji moto kwenye chupa ya chuma, ivishe soksi, iweke miguuni. Beba leso mbili pia: chumba ni kimoja, wake kwa waume, na leso ikining'inizwa kitanda cha juu huwa pazia zuri.

Mimi mvuvi, pumzi ninazo. Mbona mwongozaji anataka tulale Old Moses siku mbili? (Kijana wa Ngomeni)

Mshike huyo, anajua kazi. Pumzi za kuzamia hazikusaidii huko. Old Moses ni mita 3,300. Ukienda Shipton's kesho yake umeruka mita 900, na madaktari wanashauri ukishapita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya malazi na malazi. Mgandamizo wa hewa hupungua, kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Kichwa kikiuma na kichefuchefu juu yake, usipande zaidi. Ukianza kuyumba, au kuhema hali umekaa, teremka, hata ikiwa ni saa nane za usiku. Ujana hauzuii haya. Huwafanya watu wakimbie tu.

Udhu na maji ya barafu? (Mzee wa Mkomani)

Mwombe mpishi birika la maji moto alfajiri, Mzee. Yakikosekana na ukahofia madhara, tayamamu ipo. Kibla ni kaskazini kama huku kwetu, ila kinapinda kidogo mashariki.

Simu tutachaji wapi?

Msitegemee umeme. Bebeni pawabanki, mlale nayo ndani ya mfuko. Baridi humaliza betri.

Tubebe mikate ya sinia na tende? (Mama wa Maweni)

Bebeni, lakini ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu. Pimbi wa Shipton's wamezoea watu na hawaoni haya. Maji ya chupa za plastiki za kutupa yaacheni nyumbani: zimepigwa marufuku mbugani tangu 2020.