Tao la zege linasimama juu ya nini? Barua tatu kutoka Bukavu

Jambo wahariri. Mtoto wangu anasomea ujenzi, akanionyesha picha ya Daraja la Arrábida mjini Porto, Ureno. Hakuna nguzo hata moja majini. Zege ilipokuwa bado uji, nini kiliishikilia kule juu?
*Mama msomaji, Ibanda*

Mama, hilo ndilo swali linalowanyima wajenzi usingizi kuliko tao lenyewe. Zege hubebwa na kiunzi, yaani tao jingine la mbao au chuma linalotangulia kujengwa, mpaka zege ipate nguvu ya kujibeba. Arrábida, kazi ya mhandisi Edgar Cardoso, lilifunguliwa mwaka 1963 na tao la mita 270 juu ya mto Douro, refu kuliko matao yote ya zege duniani wakati ule. Tao lake lina mbavu mbili, yaani matao mawili yanayokwenda sambamba, na hapo ndipo akili ilipotumika: kiunzi cha chuma kilikuwa kimoja tu. Ubavu wa kwanza ulipokomaa, kilisogezwa kando kwenda kubeba wa pili.

Rekodi ya kabla yake ilikuwa ya Daraja la Sandö nchini Sweden, mita 264, lililokamilika mwaka 1943. Bei yake tusiisahau. Tarehe 31 Agosti 1939, zege ikiwa inamwagwa, kiunzi cha mbao kilianguka na watu 18 wakafa. Kesho yake vita vikaanza Ulaya, habari ikafunikwa. Tao ambalo halijaungana kileleni bado si tao. Ni mzigo mtupu juu ya mbao.

Ndiyo maana zege humwagwa kwa vipande, kushoto na kulia sawasawa. Ukijaza upande mmoja, kiunzi hubonyea huko na kuvimba upande wa pili. Hata ukienda sawa pande zote, uzito ukikaa miguuni tu, kilele huinuka. Kwa hiyo mafundi hutanguliza uzito kidogo pale kileleni. Kiunzi kikitolewa, huanza kulegezwa kileleni, halafu taratibu kuelekea miguuni.

Mfaransa Eugène Freyssinet alikuja na njia nyingine: aliacha nafasi kileleni, akaweka jeki, akazisukuma nusu mbili za tao, nalo likajinyanyua kutoka kwenye kiunzi. Jeki hizo zilimwokoa kwenye daraja la Le Veurdre, juu ya mto Allier. Miezi kadhaa baada ya kazi kuisha, mnamo 1911, matao yalizidi kushuka ingawa mzigo haukuongezeka, kwa sababu zege inayobanwa muda mrefu hufupika polepole. Akarudisha jeki kileleni, akayainua upya.

Korongo la kartie yetu lina upana wa mita 6. Tunataka daraja la watu kwa miguu kwa kazi ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii. Je, tao dogo la zege linatufaa?
*Kijana wa Kadutu*

Ndugu, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, chimbeni kingo zote mbili. Tao haligandamizi chini peke yake. Linasukuma kando pia, na msukumo huo hauishi mchana wala usiku. Chukua tao la mita 6 lenye kimo cha mita 1.5 (kutoka miguuni hadi kileleni) na uzito wa tani 4 kwa kila mita, pamoja na udongo wa juu na watu. Zidisha 4 kwa 36 (6 mara 6), gawanya kwa 12 (8 ya kanuni mara kimo 1.5): kila ukingo unasukumwa kando kwa tani 12. Mkilifanya tao bapa, kimo sentimita 75, inakuwa tani 24. Daraja lilelile, msukumo maradufu.

Kingo zikiwa mwamba, endeleeni. Zikiwa udongo wa mfinyanzi ule unaoteleza mvua ikikolea, achaneni na tao. Bamba la kawaida la zege lenye nondo litawafaa zaidi, kwa sababu mzigo wake unashuka wima tu. Hapo pia msingi ufike udongo mgumu na uwe mbali na maji yanayokula ukingo. Tunalisema hili tukijua tao linapendeza kuliko bamba.

Kama mwamba upo: tao la upana wa mita 2 na unene wa sentimita 25 lina urefu wa karibu mita 7 ukifuata mkunjo, kwa hiyo zege ni mita za ujazo 3.5. Kwa mifuko 7 ya kilo 50 kila mita ya ujazo, ni mifuko 25. Ongezeni 2 ya akiba. Pimeni kwa sanduku moja: simenti 1, mchanga 2, kokoto 3. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa, punguzeni. Mafundi wengi huongeza maji ili zege iteleze vizuri kwenye kofraji (ukungu wa mbao), na hapo ndipo nguvu inapopotea. Lowanisheni siku 7 bila kukosa, kiunzi kikae siku 28. Chini ya kila mguu wa kiunzi wekeni kabari mbili za mbao ngumu zinazokabiliana, ili siku ya kushusha mzigonge kidogokidogo, milimita kwa milimita. Michoro ya nondo na vipimo vya mwisho vipitiwe na mhandisi aliyeliona korongo lenyewe.

Tao la zamani lina nyufa. Nitajuaje kama ni hatari?
*Msomaji, Bagira*

Angalia mahali zilipo. Ufa unaofunguka kileleni upande wa chini, pamoja na mwingine upande wa juu karibu na miguu, maana yake vitako, yaani misingi inayoshikilia miguu ya tao, vinaachana na kilele kinashuka. Huo ni wa kuita mhandisi mara moja. Mstari wa kahawia unaofuata nondo ni kutu: chuma kinavimba na kupasua zege iliyokifunika, hasa kama kifuniko ni chembamba kuliko sentimita 4.

Kujua kama ufa unatembea, paka plasta nyembamba ya jasi kuvuka ufa, upana wa vidole viwili, na uichore tarehe kwa msumari ikiwa bado mbichi. Ikague kila mwezi. Ikikatika, funga daraja kwa magari siku hiyohiyo.