Vyungu ishirini na vitatu ni vingi, dada

Juzi msomaji mmoja aliyeko Birmingham kanitumia picha ya bustani yake ya nyuma: "Dada, mbona yangu haipendezi kama yako?" Nikahesabu vyungu. Ishirini na vitatu, vidogo vidogo, kila kimoja na rangi yake. Katikati beseni la kuogea ndege, pembeni chemchemi ya plastiki, na vijisanamu vitatu vya vijizee vyenye kofia nyekundu vimekaa kama wajumbe wa baraza. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Bustani ile ilifanana kabisa na yangu ya mwaka 2022.

Mimi nimekulia Tanga. Kwetu maua yalikuwa kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari; unachomeka kijiti, mvua inamalizia. Nilipopata kiwanja cha mita tano kwa saba nyuma ya nyumba yetu Nottingham, nikaona sasa na mimi nitakuwa na bustani ya Kiingereza. Kila Jumamosi nilirudi na chungu. Mume wangu alifika mahali akaacha kuuliza bei.

Tarehe 19 Julai mwaka ule joto lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire, rekodi ya Uingereza nzima. Nilikuwa kazini. Chungu kidogo hakina udongo wa kutunza maji: asubuhi nimemwagilia, jioni nakuta maua ya petunia yamelala kama mlenda. Nikapanda upya. Desemba ikashuka baridi ya zaidi ya wiki, na asubuhi moja nafungua mlango wa jikoni nakuta vyungu vya udongo vimepasuka, kimoja kimebanduka ganda kama yai la kuchemsha. Udongo uliochomwa hunywa maji, na maji yakiganda huvimba karibu asilimia 9. Aliyeniuzia aliniapia kwamba vinavumilia majira yote. Nilipomrudia na kigae mkononi, alinitazama kana kwamba nimekigonga nyundo mwenyewe. Hiyo sijaisahau.

Kilichonifungua macho ni safari ya Kent, kwenye bustani ya Sissinghurst, ile ambayo mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson waliinunua mwaka 1930 ikiwa magofu. Wageni wengi hukimbilia upande wa maua meupe. Mimi nilinasa kwenye ule mdogo wa maua ya manjano, machungwa na mekundu. Katikati, baina ya miti minne iliyosimama wima kama walinzi, kuna chombo cha shaba kimeota kutu ya kijani, kinanikumbusha sufuria ya pilau ya harusi. Kimoja tu! Nilikizunguka mara tatu natafuta vingine.

Niliporudi niligawa vyungu vyote vilivyosalia. Nikanunua vitatu, kila kimoja upana wa nusu mita, nikaviinua juu ya vipande vya tofali ili maji yasituame chini. Yale mambo ya kujaza vigae chini ya chungu niliyofundishwa na mama nimeyaacha. Yanakula nafasi ya mizizi tu, maji hayatoki upesi zaidi. Novemba nilizika vitunguu vya maua ya tulipu, vingi, karibu karibu. Kwenye jua nikaweka lavenda, na changarawe nyingi ndani ya udongo wake. Kwenye kivuli cha ukuta, busy Lizzie, ua ambalo asili yake ni Afrika Mashariki na mimi nalilipia kwa pauni. Haya.

Pambo nilibakiza moja, beseni la ndege la mawe, na nililiondoa katikati. Liko mwisho wa kinjia, nusu limefichwa na lavenda, kwa hiyo mtu akitoka jikoni hulazimika kutembea ndipo alione.

Aprili iliyofuata, jirani yetu mzee, ambaye miaka yote salamu yake ilikuwa "baridi leo", aliegemea uzio akauliza zile tulipu za zambarau nimezipata wapi. Nilimjibu kwa utulivu, halafu nikaingia ndani nikapiga kigelegele.

Kwa hiyo, dada, nunua chungu kikubwa. Ukiwa na hela ya vyungu vinne vidogo, nunua kimoja kikubwa. Na usinunue kingine mpaka hicho kimekushinda kwa uzuri. Tuache tabia ya kujaza! Sebuleni tunajaza, kabatini tunajaza, mpaka bustani nayo iwe stoo? Kabla ya kuweka kitu, simama dirishani unapooshea vyombo uangalie, maana huko ndiko utakakoitazamia bustani miezi minane ya mwaka.

Na vile vijizee najua umevilipia. Vyangu vilikaa nyuma ya pipa la taka mwaka mzima kabla sijapata moyo wa kuvitoa.