Simu Ibaki Kabatini

Kwa zaidi ya miaka sita nilianza kila siku kwa namna ileile: kabla sijafumbua macho vizuri, mkono ulikuwa umeshafika chini ya mto kutafuta simu. Nilisoma salamu za kundi la ukoo na za kundi la kazini, nikahamia kwenye habari, kisha kwenye video fupi zisizokwisha, na nilipokuja kushtuka jua lilikuwa limeshatokeza juu ya Milima ya Uluguru na mimi bado nimejifunika shuka. Nilioga haraka, nikanywa chai nikiwa nimesimama, nikawahi daladala kwenda ofisini, na huko nikakaa kitini hadi saa 10 jioni. Mwaka niliotimiza miaka 42 nilipimwa presha kwenye zahanati ikakutwa 150 kwa 95, ikapimwa tena baada ya wiki mbili ikawa karibu vilevile, nikaandikiwa dawa na kuambiwa nianze kutembea.

Sikupuuza. Nilinunua raba mpya, nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nikapiga hesabu kwamba nusu saa kwa siku tano ingetosha kuanzia, nikaandika ratiba na kuibandika ukutani. Nilidumu siku tisa. Siku ya kumi mvua ilinyesha, siku ya kumi na moja nilichelewa kulala, na baada ya hapo ratiba ilibaki ukutani kama kalenda ya mwaka uliopita. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nina udhaifu wa nia, na imani hiyo ilinikatisha tamaa kuliko presha yenyewe. Leo naona kosa lilikuwa kwingine: asubuhi nisipoamka, hapakuwa na yeyote aliyepungukiwa na kitu.

Kisha jirani yetu akahamishiwa kikazi Mtwara, akaniomba nimchukue mbwa wake, Tomi, wa umri wa miaka mitatu, mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya udongo na sikio moja lililokatika ncha. Nilikubali kwa sababu ya ujirani, bila kuwaza presha. Sikujua kwamba kijana wa nyumba ile alikuwa na desturi ya kumtembeza kila alfajiri. Siku ya kwanza, saa 11 na nusu, nilisikia kucha zikikwaruza taratibu mlango wa nyuma. Hakubweka. Nilipofungua nilimkuta amelaza kidevu kwenye kizingiti, macho ameyaelekeza getini, na mkia unapiga sakafu mara moja moja, kama mtu anayesubiri zamu yake akiwa na hakika kwamba itafika. Nilivaa zile raba. Tangu hapo kutembea kukawa haki ya kiumbe mwingine iliyo mikononi mwangu, na haki ya mwingine ni ngumu kuiahirisha kuliko ratiba uliyojiandikia mwenyewe.

Njia yetu inapita kwenye barabara ya Boma kuelekea Morningside, hadi mahali nyumba zinapoanza kupungua na barabara kupanda kwa mwinuko mkali. Wakati huo kina mama wa Kiluguru huwa wanateremka kutoka vijiji vya juu wakiwa na matenga ya karoti, ndizi na mboga kichwani, wanatembea kwa hatua fupi za haraka ambazo mimi niliyebeba kamba tu siwezi kuzifuata. Pembeni maji yanasikika kabla hayajaonekana. Nimeishi Morogoro karibu maisha yangu yote, na nilikuwa nimesoma shuleni kwamba Mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, unapata maji yake katika milima hii, na kwamba misitu yake ina ndege wasiopatikana penginepo duniani. Lakini maarifa hayo yalikuwa ya daftarini hadi niliposimama pale asubuhi, ukungu ukipanda kutoka bondeni na Tomi akinusa shina moja la mwembe kwa dakika nzima. Mwanzoni nilimvuta. Baadaye nilijizoeza kumsubiri, na katika kumsubiri ndipo nilipoanza kuona: ndege waitwao chozi wakining'inia kwenye maua ya mgomba, siafu wakivuka njia, mti ambao wiki iliyopita ulikuwa mtupu na leo una majani mekundu machanga. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: usihesabu hatua kwanza, mwache mnyama aamue pa kusimama.

Hata hivyo simu nilikuwa bado naibeba, na hilo lilinifundisha kwa aibu. Asubuhi moja nilikuwa nasoma ujumbe huku natembea, kamba nimeizungusha kidoleni tu. Tomi aliona kuku, akaruka, kamba ikachomoka, akapita katikati ya miguu ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anateremka. Tenga lilianguka na karoti zikatawanyika hadi mtaroni. Niliinama kuziokota, nikaziosha kwenye kijito, nikamlipa zilizovunjika, na muda wote nilikuwa nasema, "Nisamehe, mama, nisamehe sana." Alikuwa amekaa juu ya jiwe akijipangusa vumbi kwenye kanga. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mbwa wako yupo hapa. Wewe ndiye ambaye hupo." Tangu siku hiyo simu inabaki kabatini sebuleni, na nimenunua saa ya mezani ya kuniamsha, kwa sababu kisingizio changu cha kulala na simu kilikuwa kengele yake. Mtu anayetaka kuacha jambo aanze kwa kuliondoa mahali mkono unapofika. Kushindana nalo likiwa chini ya mto ni kujitesa bure.

Kuna mambo ya adabu ambayo wafugaji wengi wa mjini tunayasahau. Alfajiri ndiyo saa ya majirani zangu Waislamu kwenda na kurudi msikitini, na mate ya mbwa yakimgusa mtu aliyejitayarisha kwa ibada, au yakigusa nguo yake, yanamlazimu kupatwaharisha palipoguswa kabla ya kuswali. Kwa hiyo nimesogeza muda wetu hadi saa 12, swala ikiwa imekwisha, na ninapomwona mtu mwenye kanzu au mama aliyevaa vazi la swala navuka upande wa pili na kufupisha kamba. Sijawahi kuombwa kufanya hivyo. Lakini wazee ambao zamani walinipita kimya sasa hunisalimu kwa jina, na mmoja wao huniuliza habari za mbwa siku nikiwa peke yangu.

La chanjo nalisema kwa uzito zaidi. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu, na arudiwe kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo, na wanaoumwa zaidi na mbwa ni watoto. Ukiumwa au ukiparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake majani wala mafuta ukasubiri uone. Kila tarehe 28 Septemba huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na kampeni za chanjo hufanyika sehemu nyingi, basi uliza ofisi ya mifugo ya kata yako. Wala wanaoumia si sisi peke yetu. Mwaka 1994 simba wapatao 1,000 wa Serengeti, karibu theluthi moja ya wote, walikufa kwa distempa, ugonjwa wa virusi uliohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Ndiyo sababu Tomi amechanjwa ugonjwa huo pia, na ndiyo sababu sisi tunageuka kabla ya kufika msitu wa hifadhi, hata siku ambazo miguu ingetaka kuendelea.

Mkirudi, mkague kupe. Ninamlaza Tomi ubavu barazani, napapasa ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo na katikati ya vidole, na nikikuta kupe namkamata kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kumvuta polepole bila kumminya. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo, akaugua homa ya kupe, akakaa siku nne bila kula.

Naomba usichukue mbwa kwa ajili ya mazoezi tu. Anaweza kuishi miaka 12 au zaidi, anakula kila siku, anaugua, na raba zako zikikuchosha yeye atabaki kizingitini. Kama huna nafasi, mwombe jirani umtembezee wake, au jipe jukumu la kumwagilia bustani ya kanisa au kuwafungulia kuku wa bibi kila asubuhi. Liwe jambo ambalo usipolifanya kuna anayesubiri.

Nami niliteleza. Nilipelekwa Dodoma kikazi kwa wiki tatu, nikalala hotelini bila Tomi, na kufikia usiku wa pili simu ilikuwa imerudi chini ya mto. Niliporudi nyumbani sikujaribu kulipa siku zilizopotea wala kujilaumu. Niliiweka simu kabatini, na asubuhi kucha zilikwaruza mlango. Presha yangu imeshuka, ingawa dawa naendelea nazo kwa maelekezo ya daktari, na ninamsihi anayetumia dawa asiziache kwa kusoma makala kama hii.

Sasa Tomi ana miaka tisa. Tangu masika yaliyopita nyonga zinamsumbua, na tukifika kwenye daraja husimama, hunitazama, kisha hugeuka mwenyewe kuelekea nyumbani. Ninarudi naye taratibu, namwekea maji, naifungua kamba na kuitundika msumarini. Halafu natoka tena peke yangu, napita daraja, napandisha hadi pale kina mama wa karoti wanapopumzikia, na yule mama wa siku ile, akiniona mikono mitupu, huniuliza mwenzangu hajambo.