Muziki kwa mjamzito aliyelazwa: unapunguza wasiwasi, hautibu presha

Kuna mwandishi anayedai kwamba muziki unatibu kifafa cha mimba. Hapana, hauitibu wala hauchukui nafasi ya dawa za presha au sindano ya magnesiamu, ile ya kuzuia degedege. Hapo amezidisha chumvi. Lakini wasiwasi unapungua kweli. China walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2009: wajawazito 120 waliolazimika kulala tu kitandani waligawanywa kwa kura, wengine wakasikiliza muziki dakika 30 kwa siku, siku 3 mfululizo. Waliosikiliza walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko wenzao.

Mimi ni mkunga, na haishangazi. Mama mwenye kondo la nyuma lililoshuka, yaani limekaa chini kwenye mlango wa kizazi na linaweza kutoa damu, anaweza kukaa wodini wiki kadhaa bila kuumwa popote, anasubiri tu, na kila akienda msalani anaangalia kama kuna damu. Hofu hiyo haina kidonge.

Achague mwenyewe, iwe kaswida, kwaya au taarabu. Kumwekea "muziki wa kutuliza" asioupenda ni kumkera. Sauti iwe ya chini, hedifoni sikio moja ili asikie akiitwa, na asizibandike tumboni, mtoto hazihitaji. Tiba ya muziki yenyewe, ile ya mtaalamu aliyesomea anayekaa na mgonjwa, ni kitu kingine, na wodi zetu nyingi hazina.

Akianza kuumwa kichwa sana, kuona maruweruwe au kutokwa damu, avue hedifoni amwite nesi.