Barua kwa mwanangu: wakili wa kumkabidhi kiwanja chako

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako umenifikia. Unasema kuna mtu amejitokeza na karatasi zake anadai kiwanja chako cha Kibada, na umeelekezwa kwa bwana mmoja anayejiita mwanasheria, anayetaka umtumie laki tatu kwenye simu leo hii ili awahi kufungua shauri. Unauliza utamjuaje wakili wa kuaminika. Hela usitume kwanza. Suti na maneno matamu havikuambii chochote. Tazama yale unayoweza kuyakagua mwenyewe.

Kuwa na shahada ya sheria hakumfanyi mtu kuwa wakili. Wakili ameapishwa na Jaji Mkuu, jina lake liko kwenye daftari la mawakili la Mahakama Kuu, na ana namba yake. Juu ya hapo, kila mwaka anatakiwa kuhuisha cheti cha kufanya kazi. Mwombe majina yote matatu na hiyo namba, kisha ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama cheti chake kiko hai, amesimamishwa, au hajahuisha. Nyaraka zilizoandaliwa na mtu asiye na cheti hai zinaweza kukataliwa, na anayerudi mwanzo ni wewe.

Lakini jina kuwemo kwenye mfumo hakutoshi. Vishoka wanaozunguka nje ya mahakama hutumia jina na muhuri wa wakili wa kweli ambaye hata hajui habari zako. Ndiyo maana usikubali kukutana naye mgahawani. Nenda ofisini, omba kitambulisho, linganisha na ulichokiona, na hakikisha anayekusikiliza ndiye atakayesimama mbele ya baraza au mahakama. Akimtuma mwingine, naye mkague vilevile.

Kisha muulize swali moja: shauri langu linaanzia wapi, na kwa nini? Hapa ndipo utamjua anayeijua ardhi. Aliyezoea jinai pale Kisutu au mirathi pale Temeke anaweza kuwa hodari kwake na bado akakupoteza. Anayejua atataka kwanza kujua kiwanja ulikipataje, kina thamani gani, na mdai wako alianza lini kukitumia, maana madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Atakueleza kwamba Baraza la Kata sasa kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana au siku 30 zikipita, ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo uwezo wake kwenye mali isiyohamishika unaishia shilingi milioni 300. Na kama tatizo limetoka kwa halmashauri, kwa mfano imegawa kiwanja kimoja kwa watu wawili, utaratibu unabadilika kabisa: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Wakili asiyelifikiria hilo atafungua pasipostahili, shauri litatupwa kabla hata ushahidi wako haujasikilizwa, na ada yako itakuwa imeliwa. Mashauri mengi ya ardhi hufia kwenye utaratibu, haki ya mtu haijaguswa. Hukumu nyingi ziko wazi kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Tafuta jina lake humo usome mashauri yake yaliishaje.

Msikilize pia anavyozungumzia udhaifu wako. Wakili mzuri atakuonyesha mahali mkataba wako uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa unapoweza kushambuliwa. Anayekuhakikishia ushindi siku ya kwanza anataka pesa. Na yule anayesema ana mtu wake ndani, uongeze kidogo "ya hakimu", ondoka hapo hapo. Hiyo ni rushwa, na mtoaji naye ana kosa. TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo.

Makubaliano ya ada yawe ya maandishi: kiasi gani, kinalipwa kwa awamu zipi, kinaishia kwenye hukumu au kinagusa na rufaa, nauli na nakala analipa nani. Ugomvi mwingi kati ya wateja na mawakili unaanzia kwenye neno "rufaa" ambalo halikuandikwa. Kila unacholipa dai risiti ya EFD. Ada ya kufungulia shauri hulipwa serikalini kwa kontroo namba, basi mwombe hiyo namba ulipe mwenyewe.

Hati halisi usiiache kwake. Mpe nakala, na halisi uilete siku inapohitajika. Ikilazimika kubaki ofisini, asaini orodha ya alichopokea. Karatasi tupu usisaini kamwe, hata ukiambiwa ni ya kuokoa muda.

Shauri likifunguliwa, chukua namba yake na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Tarehe za kutajwa na kusikilizwa ziandike, uende mwenyewe. Shauri linaweza kufutwa kwa sababu hakuna aliyefika, na mteja akaambiwa kwa miezi kwamba "limeahirishwa". Akikutendea vibaya, mwandikie kwanza. Asipojirekebisha, peleka malalamiko Chama cha Mawakili Tanganyika au Kamati ya Mawakili, ambayo ina uwezo wa kumsimamisha na hata kumfuta.

Kama fedha ni tatizo usione haya. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na hapo Dar es Salaam TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu husaidia wasio na uwezo.

Wiki hii anza na upekuzi kwa Msajili wa Hati kama kiwanja kimesajiliwa, upate kwa maandishi jina lililoandikwa pale. Wakili yeyote utakayemchagua atakudai karatasi hiyo. Majina ya mawakili ukiyapata nitumie, tuyakague pamoja kabla hujasaini.

Mama yako