Muamala Usiojibiwa Haujashindwa

Msomaji ameniandikia kutoka Nairobi: wateja wa mfumo wao wanakatwa pesa mara mbili wakilipa kwa M-Pesa, na bosi anataka wahamie seva nyingine. Kwa dalili hizo, nisingeanzia kwenye seva. Ningeangalia hali za muamala. Mifumo mingi inajua mbili tu, umefaulu na umeshindwa, ilhali kwenye pesa ipo ya tatu: haijulikani.

Fuata mkondo wenyewe. Mfumo unaomba malipo kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, na kurudishiwa CheckoutRequestID, yaani namba ya utambulisho wa ombi hilo. Jibu hilo linasema ombi limepokelewa, basi, pesa haijatoka. Mteja akishaweka namba ya siri, akighairi au asipopatikana, majibu yanatumwa kwenye seva yako yakiwa na namba ya matokeo: ResultCode 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 hakupatikana kwenye simu. Majibu yakipotea njiani kwa sababu seva ilikuwa inawashwa upya, mfumo unasubiri sekunde 60, unaandika "imeshindwa" na kumwonyesha mteja kitufe cha kulipa tena. Naye analipa.

Kwa hiyo hifadhi ombi kabla ya kulituma. Majibu yakichelewa, uliza Daraja kwa CheckoutRequestID ileile, kwa vipindi vinavyorefuka: sekunde 30, dakika 2, dakika 10. Muda wote huo ankara inayolipwa isiruhusu ombi jipya. Na usikubali kamwe kuandika "imeshindwa" kwa kukisia.

Majibu yaleyale yanaweza pia kufika mara mbili. Wengi hutafuta kwanza kama namba ya risiti ipo, kisha wanaingiza. Haitoshi: majibu mawili yakiingia kwa wakati mmoja, yote yataambiwa haipo. Weka sharti la upekee (unique constraint) kwenye safu ya namba za risiti, hifadhidata yenyewe ikatae ingizo la pili lenye namba ileile. Salio nalo lina hatari hiyohiyo: penye shilingi 10,000, maombi mawili ya kutoa 8,000 yanaweza kupita yote usipofunga mstari wa salio hilo kwa SELECT ... FOR UPDATE, amri ya hifadhidata inayolifanya ombi la pili lisubiri la kwanza limalize.

Kiasi hifadhi kwa namba kamili za sehemu ndogo kabisa ya sarafu, maana hesabu za desimali kwenye kompyuta hupotoka kidogo: kwenye JavaScript 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004. Lakini ili kupata sehemu hiyo ndogo usizidishe kila sarafu kwa 100: katika ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, shilingi ya Kenya ina desimali 2, ya Uganda haina, riali ya Omani ina 3.

Kuhusu leja, daftari la hesabu, niseme kwa ufupi: kila muamala uwe na debiti na krediti (maingizo ya pande mbili za hesabu) zinazolingana, na kosa lisahihishwe kwa ingizo jipya la kinyume, bila kufuta la zamani.

Ila kabla ya kugusa msimbo, ndugu yangu, pakua leo taarifa ya paybill yenu (namba ya M-Pesa mnayopokelea malipo), ilinganishe na ankara, toa orodha ya risiti zilizozidi, na hao watu warudishiwe pesa zao kabla hawajapiga simu kudai.