Malkia alikuwa ameshakufa

MASWALI YA WASOMAJI: Papa wa Kadre, fundi wa fremu za picha, anajibu

Papa, jambo. Marehemu baba aliniachia picha ya zamani, rangi nyeusi tupu, ndani ya kadre. Shakespeare amesimama, anamsomea Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza tamthilia yake ya Macbeth, na mabibi wa ikulu wanasikiliza. Mwanangu aliipeleka shuleni, mwalimu akasema jambo hilo halikutokea kamwe. Je, baba alinunua uongo?
Mama wa Kamalondo, Lubumbashi

Mama, mwalimu anasema kweli. Elizabeth alikufa Machi 1603. Macbeth iliandikwa kama miaka mitatu baadaye, wakati wa Mfalme James aliyetoka Uskoti, na hadithi yenyewe ni ya wafalme wa Uskoti. Kumsomea malkia ingebidi kwenda kumwamsha kaburini Westminster.

Lakini usiishushe ukutani. Kuonana kwao si ndoto. Hesabu za nyumba ya malkia zina malipo ya Machi 1595 kwa waigizaji watatu, Shakespeare mmoja wao, kwa michezo waliyomchezea Noeli ya 1594. Basi alifika ikulu, ila alifika kikazi, na kundi lake, akalipwa. Huyo wa kusimama peke yake na karatasi mkononi, mabibi wamezubaa, ni wa karne ya 19. Wakati huo watu walishamfanya Shakespeare kama mtakatifu, wakataka kumwona karibu na malkia.

Sisi tunafanya vilevile. Nimetia kadre tablo nyingi za Lumumba akihutubia mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo. Hotuba ile ilitolewa kweli. Mnyororo uliokatika miguuni pake aliuongeza mchoraji, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia tablo kwa sababu hiyo.

Sasa itazame yako kwa lupe, kile kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vimejipanga safu safu, ni nakala ya mashine tu. Ukiona mistari, minene kwenye vivuli na myembamba kama unywele shavuni, hapo mtu alichonga bamba la madini la kuchapia. Pitisha kidole pembezoni mwa karatasi: bamba huacha bonde dogo pale lilipokandamizwa. Linaweza kuwa la shaba, ambayo sisi wa migodi ya Katanga tunaijua. Ila shaba ni laini, inachakaa upesi, ndiyo maana karne ya 19 wengi walihamia chuma cha pua. Chini ya picha soma maandishi madogo: jina lenye "pinx." ni la mchoraji, lenye "sculp." ni la mchongaji.

Kama karatasi imeanza kuwa kahawia, kosa ni la kartoni ya nyuma. Ibadilishe, na picha isikae juani. Na fundi akikuambia aipunguze kidogo pembeni ili iingie kwenye kadre mpya, ichukue urudi nayo nyumbani. Mimi nilimfanyia mteja hivyo nikiwa kijana, nikakata bonde lote la bamba. Alikataa kunilipa, na kadre ninayo mpaka leo.